Jina la Dawa si Jina la Maradhi

Wahenga walinena kuwa adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Maumivu nayo yana tabia iyo hiyo. Mwanafunzi aliyevunjika mkono huonewa huruma na kila mtu kwa sababu plasta yake inaonekana. Mwenye homa hutetewa na kipimajoto. Lakini yupo mwanafunzi ambaye jeraha lake limekwisha kufunga, picha ya eksirei haionyeshi ufa wowote, naye bado analia usiku bwenini kwamba mguu unamchoma kama kaa la moto. Huyu hana shahidi. Na siku daktari anapomwandikia dawa, hata ile dawa humgeuka, kwa maana karatasi iliyomo ndani ya pakiti inasema kuwa ni dawa ya kifafa.

Nimeonelea nilizungumze jambo hili kwa sababu wasomaji wa ukurasa huu wengi ni walimu na wanafunzi, na ni katika shule zetu ambako kijana wa aina hii hupatiwa nafuu au huongezewa mateso. Hoja yangu ni moja: jina la dawa si jina la maradhi. Asiyeielewa hoja hii anaweza kumdhuru mtoto wa mwenzake bila ya kuinua kiboko.

Hebu tuanze na maumivu yenyewe. Maumivu ya kawaida ni kama kengele ya shule inayogongwa kwa sababu bweni linaungua. Ukijikata kwa kisu, neva zilizo kwenye ngozi hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, kisha kwenye ubongo, nawe unauondoa mkono. Kidonda kikipona, kengele hunyamaza. Maumivu ya neva ni jambo tofauti kabisa. Hapa hakuna moto. Kilichoharibika ni kengele yenyewe. Neva, au mishipa ya fahamu kama tulivyozoea kuiita, imeumia au imeugua, nayo inapiga mbiu usiku na mchana pasipo kuwepo hatari yoyote.

Wenye maumivu haya huyaeleza kwa maneno yanayofanana popote pale ulimwenguni. Watakwambia wanahisi kuungua, kuchomwachomwa na sindano, kufa ganzi, au kupigwa na umeme. Wengine hawawezi kuvumilia hata mguso wa soksi au wa shuka. Ndipo mwalimu asiyejua humwona mwanafunzi akikataa kuvaa kiatu, akasema huyu ni mtundu tu, anakwepa gwaride. Panadol nazo, ambazo ndizo dawa tunazozikimbilia kwa kila jambo, aghalabu hazimfai kitu. Panadol hushughulika na moto, haiitengenezi kengele iliyoharibika.

Huenda msomaji akauliza: je, maradhi haya si ya wazee na ya wenye kisukari? La hasha. Vijana wetu wanayapata kwa njia nyingi. Wapo waliokatwa mguu kwa ajili ya saratani ya mifupa, ambayo hupenda sana kuwashika walio katika umri wa kubalehe, karibu na goti. Baadaye huumwa na mguu usiokuwapo tena. Wapo wanaotibiwa saratani ya damu au ya tezi kwa dawa iitwayo vinkristini, nayo huweza kuziumiza neva za miguu. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi yaweza kufanya vivyo hivyo, na ndiyo sababu mgonjwa hupewa vitamini B6 pamoja nayo. Miongoni mwa waliozaliwa na virusi vya Ukimwi, wapo waliotumia stavudini utotoni. Dawa hiyo iliharibu neva za watu wengi hata Shirika la Afya Duniani likashauri mwaka 2009 iachwe hatua kwa hatua. Kuna pia walioangushwa na bodaboda wakaumia neva za bega au za mkono. Na kuna ugonjwa mmoja wa ajabu ambao huanza kwa ajali ndogo tu, kama vile kuteguka kifundo cha mguu, kisha maumivu yakakua badala ya kupungua, ngozi ikabadilika rangi na mguu ukawa baridi. Katika vijana, ugonjwa huu huwapata wasichana zaidi kuliko wavulana.

Sasa, kifafa kinaingiaje hapa? Neva hufanya kazi kwa umeme mdogo unaozalishwa na chembechembe za chumvi, kama vile sodiamu na kalisi, zinapopita kwenye vijilango vilivyo kwenye kuta za seli. Kifafa hutokea pale seli nyingi za ubongo zinapowaka umeme kwa pamoja na pasipo mpango. Maumivu ya neva nayo hutokea pale neva zilizoumia zinapowaka umeme ovyo. Mahali ni tofauti na maradhi ni tofauti, lakini vurugu ni za ukoo mmoja. Kwa hivyo haishangazi kuwa dawa inayotuliza vurugu za huku yaweza kutuliza za kule.

Wazo hili si la jana. Armand Trousseau, tabibu wa Ufaransa wa karne ya 19, alipowachunguza wagonjwa waliopatwa na maumivu makali ya ghafla usoni, aliyapa maumivu hayo jina linaloyafananisha na kifafa. Mwaka 1938, Merritt na Putnam wa Marekani walitangaza kwamba fenitoini inazuia kifafa, na kufikia mwaka 1942 Mfaransa aitwaye Bergouignan alikuwa amekwisha kuwapa dawa hiyo wagonjwa wa maumivu ya neva ya uso. Mwaka 1953 mkemia Walter Schindler wa kampuni ya Geigy mjini Basel, Uswisi, aliunda karbamazepini. Mwaka 1962 daktari aitwaye Blom aliandika katika jarida la The Lancet jinsi karbamazepini ilivyowatuliza wagonjwa wa maumivu yale yale ya uso, na hadi leo ndiyo dawa ya kwanza kwa maumivu hayo.

Ikafuata gabapentini. Marekani iliiidhinisha mwaka 1993 kwa kifafa, kisha mwaka 2002 kwa maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi. Dada yake, pregabalini, ndiye anayetupa funzo kubwa zaidi. Nchini humo iliidhinishwa kwanza kwa maumivu ya neva, mnamo Desemba 2004, na ruhusa ya kuitumia kwa kifafa ikaja mwaka uliofuata. Basi na tuulizane: hiyo ni dawa ya kifafa inayotibu maumivu, au ni dawa ya maumivu inayotibu kifafa? Swali lenyewe halina maana. Dawa haijui jina tulilolipa. Inachojua ni kile kijilango cha kalisi inachokwenda kukishika.

Wala hili si jambo geni kwetu. Wazazi wengi wa Nyanza, Magharibi na Pwani wenye watoto wanaougua ugonjwa wa seli mundu wanaijua hidroksiyurea. Ni dawa ya saratani kwa asili yake, lakini watoto wao hupewa ili wasipatwe na maumivu ya mara kwa mara, na hakuna anayesema watoto hao wana saratani. Aspirini tuliyoijua kwa kichwa kuuma sasa wanaimeza wenye maradhi ya moyo. Kwa nini basi kifafa peke yake ndicho kigeuke doa la kumpaka kila anayeigusa dawa yake?

Jibu ni kwamba kifafa hatukiogopi kama maradhi tu, bali tunakiogopa kama laana. Nilipokuwa nikifundisha katika shule moja ya bweni, ambayo sitaitaja, palikuwa na msichana wa Kidato cha Pili aliyeteguka mguu akicheza netiboli. Miezi miwili baadaye alikuwa bado anachechemea, na mguu haukuguswa. Wapo waliosema ana majini, wapo waliosema anakwepa zamu ya kupiga deki. Hatimaye daktari mmoja alimsikiliza, akampa gabapentini na mazoezi ya mguu ya kufanya kila siku. Kwa muda wa wiki tatu tulianza kumwona akitembea bila ya kushika ukuta.

Kisha mwenzake wa bwenini akaisoma ile karatasi ya ndani ya pakiti. Kufikia saa ya chakula cha jioni bwalo zima lilikuwa na habari. Wasichana wawili walivihamisha vitanda vyao. Matroni, ambaye kwa sheria ya shule ndiye aliyepaswa kuhifadhi dawa zote, alizichukua, na hilo halikuwa kosa. Kosa ni kwamba alikataa kumpa tena hadi mzazi alete barua ya kueleza kwa nini shule haikuarifiwa kuwa mtoto ana kifafa. Siku nne zikapita. Msichana alikosa usingizi, akatokwa na jasho, akatapika, na maumivu yakarudi kwa kishindo. Babake alipofika na barua ya daktari, dawa ilirudishwa. Sijui ni nani aliyemrudishia jina lake.

Lakini lililonikaa moyoni zaidi halikuwa la matroni. Lilikuwa la kiranja wa darasa, msichana mwema, aliyesimama mbele ya wenzake kumtetea. Alisema, "Mwacheni, yeye hana kifafa, ni mguu tu! Yeye ni mzima kama sisi." Darasani humo alikuwemo msichana mwingine aliyekuwa na kifafa cha kweli. Mamake alikuwa amenieleza siri hiyo, na binti alikuwa akimeza vidonge vyake kila alfajiri kabla wenzake hawajaamka. Nilimwona akiinamisha kichwa na kuendelea kuchora mistari daftarini. Kwa maneno yale yale yaliyomwokoa mmoja, mwingine alikuwa ameambiwa kwamba yeye si mzima.

Ndiyo maana nasema kuwa kumsafisha mwanafunzi kwa kukana kifafa ni kuliondoa tope kwa mmoja na kumpaka mwingine. Kifafa hakiambukizi; si kwa mate, si kwa povu, si kwa kulala kitanda cha jirani. Ni maradhi ya ubongo yanayotibika kwa dawa kwa walio wengi. Jawabu linalofaa mbele ya darasa si "huyu hana kifafa". Jawabu ni kwamba dawa ya mtu ni siri yake na daktari wake, na hata angekuwa na kifafa, hilo lisingemhamishia mtu kitanda.

Baada ya kuyasema hayo, sitaki nieleweke kuwa ninazisifu dawa hizi kupita kiasi. Haki kwa mgonjwa inadai tuseme ukweli wote. Miongoni mwa watu wazima wenye maumivu yaliyobaki baada ya mkanda wa jeshi, au yaliyoletwa na kisukari, 3 au 4 kati ya 10 wanaotumia gabapentini hupungukiwa na maumivu kwa nusu au zaidi. Kwa wanaopewa kidonge kisicho na dawa ndani yake, idadi hiyo ni 1 au 2. Huo ni msaada wa kweli, ila si muujiza. Wengi hawapati nafuu kubwa.

Kwa vijana, ujuzi wetu ni haba zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio yote ya dawa za kifafa kwa watoto na vijana wenye maumivu ya kudumu yasiyotokana na saratani. Walipata majaribio mawili tu, yenye washiriki 141 kwa jumla, wa umri wa miaka 7 hadi 18. Moja lililinganisha gabapentini na amitriptilini kwa washiriki 34. Jingine lilijaribu pregabalini kwa washiriki 107. Watafiti hao walikiri kuwa ushahidi huo hautoshi kutoa uamuzi wowote. Hesabu yake ni nyepesi: washiriki 141 ni sawa na madarasa matatu ya shule zetu za upili. Daktari anayemwandikia kijana dawa hii anategemea zaidi yale yaliyoonekana kwa watu wazima, pamoja na uzoefu wake. Si kosa kufanya hivyo pale mtoto anapoteseka, lakini ni lazima afuatiliwe kwa karibu, na dawa isiyomsaidia iondolewe.

Madhara nayo yapo. Gabapentini na pregabalini huleta usingizi na kizunguzungu, na huweza kuongeza uzito. Mwanafunzi anayesinzia somo la kwanza huenda ameshikwa na dawa, wala hakukesha akipiga soga. Zikichanganywa na pombe au na dawa nyingine za kulevya, zaweza kudhoofisha pumzi. Watu wamezitumia vibaya pia, hata Uingereza ikaziweka chini ya sheria ya dawa za kulevya mwaka 2019. Karbamazepini kwa nadra huleta vipele vikali vya ngozi vinavyoweza kuua, kwa hivyo upele wowote baada ya kuianza ni sababu ya kwenda hospitali siku iyo hiyo. Hupunguza pia nguvu za baadhi ya dawa za virusi vya Ukimwi, ikiwemo dolutegraviri, na za vidonge vya kupanga uzazi. Katika ukoo huu imo sodiamu valproeti, ambayo humdhuru mtoto aliye tumboni. Msichana hapaswi kuanzishiwa dawa hiyo bila ya yeye na wazazi wake kuelezwa. Tena, mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuwa dawa za kifafa kwa jumla zaweza kuongeza mawazo ya kujiua kwa watumiaji wachache. Mwalimu mshauri na ayajue haya, ili akimwona kijana amejitenga ghafla asisubiri.

Hatari nyingine ni ile iliyompata yule msichana wa netiboli: kuikatiza dawa ghafla. Dawa hizi hupunguzwa pole pole kwa maelekezo ya daktari. Kwa mwenye kifafa, kuzikatiza kwaweza kumwangusha siku iyo hiyo. Kwa mwenye maumivu ya neva, kwaweza kumletea jasho, kukosa usingizi, wasiwasi, na mara chache hata mtukutiko wa mwili. Matroni anayefunga kabati na kuondoka na ufunguo mwishoni mwa wiki hajui ameondoka na nini.

Wala dawa haitoshi peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020 kuhusu maumivu ya kudumu kwa watoto, lilishauri yatazamwe mambo matatu kwa pamoja: mazoezi ya mwili, msaada wa kisaikolojia, na dawa. Kwa mguu ulioteguka ukageuka jehanamu, mazoezi ndiyo nguzo, na kazi ya dawa ni kumpunguzia kijana maumivu ili aweze kuyafanya. Mguu usiotumiwa huzidi kuuma. Kwa hivyo mwalimu anayemwambia mwanafunzi huyo akae tu kwenye kiti muhula mzima, akidhani anamhurumia, anamwongezea ugonjwa. Na yule anayemlazimisha kukimbia mbio za nyika anamtesa. Njia ya katikati ni kuuliza daktari ameagiza nini, kisha kumpa nafasi na muda wa kukifanya.

Tufanyeje basi? Kwa walimu wakuu, naomba pawe na daftari moja la siri linaloeleza nani anatumia dawa gani, saa ngapi, na namba ya simu ya kupiga likitokea jambo. Daftari hilo lisomwe na watu wawili au watatu tu. Dawa ya mwanafunzi isizuiliwe hata siku moja kwa sababu ya barua. Barua itafutwe dawa ikiendelea kumezwa. Kwa walimu wa Baiolojia, mnapofundisha neva, tumieni dakika kumi kueleza kwa nini dawa moja yaweza kutibu maradhi mawili. Mtihani waweza usiulize, lakini bwenini swali hilo linaulizwa kila muhula.

Nanyi wanafunzi, msimpe mwenzenu kidonge chenu eti kwa kuwa naye anaumwa na mguu. Kiasi kinachomfaa mmoja chaweza kumdhuru mwingine. Ukiwa na maumivu ya kuchoma yasiyoisha, yaeleze kwa maneno yake hasa: yanaunguza, yanachoma kama sindano, yanapiga kama umeme. Usiseme tu "naumwa", kwa maana daktari huitambua neva iliyoumia kwa maneno hayo. Mficha maradhi kilio humuumbua. Na ukiiona karatasi ndani ya pakiti ya mwenzako, irudishe ilimokuwa.

Sisi tunaofundisha hupenda kujisifu kuwa tunawafunza vijana kusoma. Kusoma si kutambua neno "kifafa" kwenye karatasi na kupiga mbio hadi bwaloni. Kusoma ni kuuliza neno hilo limefikaje pale, linamhusu nani, na litamfanya nini mtu likitamkwa kwa sauti. Shule itakayowafunza vijana wake hilo itakuwa imewapa nafuu wanafunzi wawili kwa mkupuo mmoja: yule anayeumwa na neva, na yule mwenye kifafa anayeamka alfajiri kumeza vidonge vyake gizani.